Mtazamaji Naye Yumo

Kila mwaka wanafunzi wa kidato cha kwanza wafikapo bwenini, huanzishwa mchezo ambao kwa kweli si mchezo. Mmoja wao huamriwa apige magoti na kuimba, au acheze ngoma huku amejitwika ndoo ya maji, na umati husimama kumcheka. Mwalimu wa zamu akitokea na kuuliza, jibu huwa moja: "Sisi tulikuwa tunatazama tu, Mwalimu." Jibu hilo silikubali, na ushahidi wangu nautoa katika elimu ya ubongo.

Mwaka 1992 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Parma, Italia, akiwemo Giacomo Rizzolatti, walieleza ajabu waliyoiona kwa kima. Walikuwa wakipima seli za ubongo zinazofanya kazi kima anapochukua chakula kwa mkono. Wakagundua kwamba baadhi ya seli zile zile ziliamka hata kima alipotulia akimtazama mtu akichukua chakula. (Wako walioutukuza ugunduzi huu kana kwamba umeeleza utu wote, mimi siendi mbali hivyo.)

Mwaka 2004, mjini London, Tania Singer na wenzake walipiga picha bongo za wanawake 16 huku waume au wachumba wao wakitiwa umeme kidogo mkononi. Sehemu za ubongo zinazohusika na uchungu wa maumivu ziliamka hata pale mwanamke mwenyewe hakuguswa, na kwa wale wenye huruma zaidi ziliamka zaidi. Basi anayetazama naye yumo.

Lakini mlango huo waweza kufungwa. Mwaka 2006 Singer alionyesha kwamba mtu akiumizwa baada ya kucheza kwa hila, ubongo wa wanaume waliomtazama haukumwonea uchungu kama ulivyomwonea mchezaji mwaminifu. Tena ulionyesha dalili za kufurahi. Wanawake hawakubadilika kiasi hicho. Sisi wa shule ya wavulana tuyatafakari hayo! Ndiyo maana kabla ya kumtesa mgeni, wachokozi hutangaza kwanza kwamba anaringa. Wakisha kutuaminisha hivyo, kicheko hakitusumbui.

Pengine msomaji atasema kwamba wengine wamezaliwa bila huruma, nasi tutafanyaje? Huko Uholanzi, mwaka 2013, Christian Keysers na wenzake waliwaonyesha wahalifu waliojulikana kwa ukosefu wa huruma picha za sinema za mikono ikipapaswa na mikono ikipigwa. Walipotazama tu, bongo zao zilishughulika kidogo kuliko za watu wengine. Walipoambiwa wajaribu kuhisi wanavyohisi wale waliomo katika picha, tofauti hiyo ilipungua sana. Hawakupewa dawa wala adhabu, waliombwa tu.

Ikiwa wahalifu wale waliweza kwa kuombwa, sioni udhuru wa kijana wa kidato cha nne. Nawaomba viranja kwamba usiku wa kwanza wa mwaka ujao kila mgeni ataje mbele ya bweni zima jina lake na kwao, nasi tumwite kwa jina hilo, si kwa jina la mzaha. Na umati ukianza kukusanyika, mkubwa wa kwanza kufika aulize kwa sauti: "Huyu anajisikiaje sasa hivi?" Kisha amnyanyue yule mtoto, aitue ile ndoo.