Mbuyu, Msalaba na Muhuri wa Zahanati

Kikao kilipangwa kuanza saa tatu asubuhi. Kufika saa sita tulikuwa bado kwenye ajenda ya kwanza, nembo mpya, na friji ya chanjo iliyokuwa ajenda ya tatu hakuna aliyeigusa. Zahanati yenyewe ni ndogo, ya wananchi, iko mkoa wa Pwani. Imejengwa kwa michango, na matofali yake ya kwanza waliyafyatua wenyeji. Ukuta wa mbele una mbuyu uliochorwa kwa rangi ya mafuta, na juu ya mbuyu kuna msalaba mwekundu mkubwa kama mlango.

Kijana aliyepewa kazi alikuja na mchoro kwenye simu: mikono miwili, moyo, jani, mstari wa mapigo ya moyo, vyote vikianza bluu na kuishia zambarau. Simu ikapita mkono kwa mkono. Ilipomfikia mkunga mstaafu, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akauliza: “Mjukuu wangu, na mbuyu wetu umeupeleka wapi?”

Watu wakacheka. Mimi niliyealikwa kama mgeni nilicheka pia, ila swali lile limenikaa.

Hoja ya kawaida dhidi ya nembo mpya ni ya pesa: hizo zingenunua glavu. Nimewahi kuandika hivyo mwenyewe. Siku hizi naiona hoja hiyo kuwa nyepesi, kwa sababu kupaka ukuta na kuchonga muhuri si gharama ya kufilisi zahanati, na kamati inayopoteza asubuhi nzima kwenye rangi ingeweza kuipoteza kwenye jambo lingine lolote. La kupima ni nani anaitegemea alama hiyo, na inamwahidi nini. Kwa anayeusoma ukuta, maandishi yanatosha. Alama ni ya yule anayeletwa usiku kwa bodaboda na mtoto mwenye degedege, dereva akiwa mgeni wa kijiji.

Ila kabla ya mbuyu kuna msalaba, na hapo wajumbe walishtuka kuambiwa kwamba kwa miaka yote wamekuwa wakitumia kitu kisicho chao. Alama ile ilizaliwa Geneva mwaka 1864, katika mkataba wa kuwalinda majeruhi wa vita, ili askari aone kwa mbali kwamba hema hili na gari lile havipigwi risasi. Mikataba ya Geneva ya 1949 imeiwekea uzio: ni hasa ya huduma za tiba za majeshi na ya vyama vya Msalaba Mwekundu, na wasioruhusiwa wamekatazwa kuitumia, vitani na wakati wa amani, hata kwa kuchora kitu cha kufanana nayo. Tanzania, Kenya na Uganda zote zimo katika mikataba hiyo. Upo mlango mmoja mwembamba. Wakati wa amani, kituo kinachotibu wagonjwa bure kinaweza kupewa ruhusa na chama cha Msalaba Mwekundu cha nchi yake. Zahanati yetu hutoza ada ya kuandikisha, na kibali hakuna aliyewahi kukiomba.

“Kwani hapa kuna vita?” mjumbe mmoja akauliza. Ni swali la haki. Hapa hakuna. Lakini maana ya alama hujifunzwa wakati wa amani, mtu akiwa bado mdogo, na hukumbukwa wakati wa vita. Kijana aliyekulia mahali ambapo msalaba mwekundu uko kwenye kila duka la dawa, kila sanduku la plasta na kila gari la mganga wa mitishamba, ukimpa bunduki kesho, ataiona ile alama kwenye gari la wagonjwa kama tangazo la biashara. Wenzetu wa Kivu, mashariki mwa Kongo, wanaozungumza Kiswahili kama sisi, wanajua thamani ya gari kupita kizuizi salama kwa sababu ya alama iliyochorwa ubavuni.

Mwingine akapendekeza tuweke mwezi mwekundu, kwa kuwa huku Waislamu ni wengi. Ikabidi aambiwe kwamba hilali nyekundu, iliyoanza kutumiwa na Dola ya Uthmaniya mwaka 1876, iko ndani ya uzio uleule, na kwamba mwaka 2005 iliongezwa alama ya tatu, fuwele nyekundu, kwa ajili ya wasiotaka msalaba wala mwezi. Nayo inalindwa vilevile.

Na nyoka? Kuna nyoka wa aina mbili. Fimbo yenye nyoka mmoja ni ya Asclepius, mungu wa tiba wa Wagiriki, nayo ndiyo iliyo kwenye nembo ya Shirika la Afya Duniani. Fimbo yenye nyoka wawili na mabawa ni ya Hermes, mungu wa wafanyabiashara na hata wezi. Jeshi la Marekani liliivisha idara yake ya tiba alama hiyo mwaka 1902, na tangu hapo imesambaa kwa kudhaniwa kuwa ndiyo ya madaktari. Zahanati nyingi za mjini zimeichota kwenye intaneti bila kuuliza. Ukitazama bei za baadhi yake, unaweza kudhani ziliuliza.

Nembo ya afya inayofanya kazi nchini kwetu ninaijua vizuri kwa mfano mmoja. Mwaka 2003, mkoani Ruvuma, ulianza mpango wa Duka la Dawa Muhimu. Kabla yake, maduka ya dawa baridi vijijini yaliruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari tu, lakini mteja akiomba antibaiotiki alipewa chini ya kaunta, na muuzaji ambaye pengine hajafundishwa chochote. Mpango ule ulianza na watu: wauzaji wakafundishwa, majengo yakakaguliwa, ikatolewa orodha ya dawa za cheti ambazo wangeruhusiwa kuuza. Aliyetimiza hayo ndiye aliyepata kubandika nembo. Mama wa Songea aliyeiona mlangoni alikuwa na haki ya kutarajia kitu fulani ndani, na mwenye duka alijua ya kwamba akivuruga anaweza kunyang’anywa. Nembo isiyoweza kunyang’anywa ni pambo.

Linganisha na nyota. Katika tathmini ya 2015/16, serikali ilivipima vituo vya kutolea huduma Tanzania Bara na kuvipa nyota kuanzia sifuri hadi tano. Takriban theluthi moja vilipata sifuri, na vilivyofika nyota tatu au zaidi vilikuwa kama viwili katika mia. Nikiukumbuka mwaka ule, najiuliza ni vingapi kati ya hivyo vya sifuri vilikuwa na nembo nzuri getini. Ningependa kuona nyota hizo zikichorwa ukutani kando ya nembo, kwa ukubwa uleule. Najua hakuna kamati itakayolipitisha hilo.

Turudi kwa mikono na moyo wa kijana wetu. Mganga mfawidhi, mtu wa maneno machache, alifanya jambo moja: aliomba karatasi, akauchukua muhuri wa zahanati, akaugonga. Duara la sentimita tatu, wino wa bluu, umechakaa upande mmoja. “Hii ndiyo nembo,” akasema. “Nikimwandikia mgonjwa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, hii ndiyo inayokwenda naye.” Zambarau haigongeki. Mstari wa mapigo ya moyo, kwa ukubwa ule, ni unywele. Na karatasi ikitolewa fotokopi mara mbili, mikono miwili na jani vinakuwa doa jeusi. Mbuyu uliokuwa kwenye muhuri, shina nene na matawi machache, ulisomeka.

Kwa hiyo mimi nimesimama upande wa mkunga kwa mbuyu na upande wa kijana kwa mabadiliko. Msalaba utoke. Mbuyu ubaki, uchorwe na kijana huyohuyo, kwa rangi moja, kijani, na alipwe sawasawa. Kamati ilikubali kwa kura, friji ikaahirishwa hadi kikao kijacho, jambo ambalo sikulipenda na nilisema.

Wiki mbili baadaye nilipita. Fundi wa mabango alikuwa juu ya ngazi, kopo limening’inia kwa ndoano ya waya. Alikuwa amekwisha kuupaka msalaba kijani cha majani, lakini jua lilipopiga ukuta, wekundu ulipenya, ukatoa msalaba wa rangi ya matope ndani ya majani ya mbuyu. Chini, kwenye benchi, mama mmoja alikuwa kwenye simu akimwelekeza mtu: “Njoo moja kwa moja, utaona msalaba.” Fundi akateremka, akaukwangua ukuta kwa ukucha, akaniambia, “Mzee, waambie kopo moja halitoshi.”