Wanauza Matofali, Wanaficha Pamba

Juzi mteja wa Marekani alinipa kibarua: maneno 400 ya kuuza fleti ndani ya viwanda vya zamani vya pamba, mjini Lowell, Massachusetts. Chuo niliacha, kuandikia watu ndiko kunanilipia nyumba, kwa hivyo nikasoma usiku kucha.

Nikaandika nilichopata. Kwamba Boott Mills ilianza kujengwa miaka ya 1830 kando ya mto Merrimack, majengo ya matofali mekundu yaliyokuja kuunganishwa yakawa kama ukuta mmoja mrefu. Kwamba mifereji ya maji yaliyozungusha mitambo ilichimbwa kwa mikono, wengi wakiwa Waayalandi. Na yale madirisha makubwa, ambayo leo mnauziwa kama mwangaza wa bure? Yalifungwa ndii hata wakati wa joto, maana hewa ikikauka uzi unakatika. Wasichana wa mashambani walivuta vumbi la pamba humo zaidi ya saa 12 kwa siku. Mwaka 1834 wenzao wa Lowell waligoma kwa kukatwa mshahara; 1836 wakagoma tena, mara hii kwa sababu ya pesa za bweni. Pamba yenyewe ilichumwa na watumwa wa kusini.

Mteja akafuta watumwa, akafuta mgomo, akabakisha matofali. Eti wanunuzi wanapenda historia lakini hawapendi siasa.

Hapana, bana. Vitambaa vya Massachusetts vilifika Unguja kwa meli za Salem, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Nyanya yangu mpaka leo kitambaa kile cha pamba anakiita merikani. Unadhani jina lilitoka wapi? Na pembe zile zilibebwa mabegani na watu, kutoka bara hadi pwani.

Sipingi mtu kuishi kiwandani. Boott ilifungwa 1955; afadhali mtu apike humo kuliko ibomolewe. Sehemu yake ni makumbusho, mitambo bado inafuma, na wageni hupewa vizibo vya masikio. Ninachokataa ni kupandisha bei kwa sababu jengo ni la kale, halafu ukawafuta waliolifanya liwe na ukale. Siku godauni za Industrial Area zitakapogeuzwa fleti, mtasomewa tangazo lilo hilo.

Nilimrudishia kazi, sentensi ya pamba nikairudisha palepale. Hajalipa.