Kikaragosi hakibagui, mtu hubagua

Huenda mwanao hucheza kwenye kompyuta katika ulimwengu wa kubuni, ambako kila mtu hujichagulia kikaragosi cha kumwakilisha, kiitwacho avata. Ungedhani huko rangi haina maana, kwani hakuna aliyezaliwa nayo. La hasha!

Mnamo 2008 Paul Eastwick na Wendi Gardner wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walieleza jaribio lao katika ulimwengu uitwao There.com. Avata yao iliwaomba wachezaji wapigwe picha mahali 50. Walipokataa, iliomba picha moja tu, ufuoni. Kwa kawaida anayekataa ombi kubwa huona haya kukataa dogo. Avata ikiwa nyeupe, waliokubali waliongezeka kwa asilimia 20 hivi, kuliko walipoombwa dogo moja kwa moja. Ikiwa nyeusi, waliongezeka kwa asilimia 8 tu. Maneno yalikuwa yale yale.

Basi mwanao akilalamika kwamba ametengwa kwa sababu ya rangi ya avata yake, usimjibu, "Huo ni mchezo tu." Aliyemtenga ni mtu. Halafu mwulize: je, yeye amemtenga nani?