Wapime Samaki na Mboga Zetu, Lakini Majibu Yarudi Kwetu



Kuna neno linalozunguka sana pembeni ya ziwa Tshangalele: "Bakipima samaki yetu na kusema iko mubaya, bateja bote ba Likasi batakimbia." Tunalielewa. Mtu anayeishi kwa samaki, nyanya na lengalenga hawezi kuchezea soko. Lakini sisi tunasema hivi: kukataa kupimwa ndiko kutatuumiza zaidi.

Upimaji ulikwisha kuanza zamani. Mwaka 2009 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wa Leuven, kule Ubelgiji, walitoa kazi yao juu ya mkojo wa watu 351 wa Katanga. Waliokaa karibu na migodi na viwanda, chini ya kilometa 3, walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko waliokaa mbali, na watoto ndio zaidi. Mwaka 2014 uchunguzi mwingine ulitafuta kobalti inaingilia wapi, na watu wa pembeni ya ziwa letu walikuwa ndani yake. Jibu lilikuwa chakula cha hapa hapa, mboga na samaki, kiisha vumbi, hasa kwa watoto wanaocheza chini. Mwaka 2020 ikatoka kazi ya Lubumbashi: watoto 138 waliozaliwa na kilema walilinganishwa na 108 wasio na kilema, na baba kufanya kazi ya madini kulionekana kuwa jambo lenye hatari kubwa. Hiyo haisemi kila ugonjwa unatoka kwa kobalti. Inasema kuna jambo la kufuatilia.

Nasi hatushangai. Ziwa hili limetokana na bwawa la Mwadingusha juu ya Lufira. Mto Panda unapita Likasi, mji wa viwanda vya madini, na mayi yake yanashuka huku. Kinachomwagwa juu kinatua katika tope la chini, na chini ndipo tulipo.

Sehemu ya fedha za ushirikiano wa vyuo hivyo ilitoka katika mfuko wa serikali ya Ubelgiji, maana yake ni kodi ya raia. Tunashukuru. Lakini majibu yameandikwa kwa Kiingereza, katika magazeti ya wataalamu. Mama anayelima matembele hawezi kuyasoma. Mteja wa mjini mwenye simu anasikia habari nusu-nusu mbele yetu, na akituuliza, hatuna la kumjibu. Hapo ndipo soko linakufa.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Kwanza, kila anayekuja kuchukua mkojo, samaki, udongo ao mboga, aahidi mbele ya kijiji siku ya kurudi. Majibu yasomwe kwa Kiswahili, kwetu kwanza, na mtu wa zone ya afya awepo.

Pili, majibu yatolewe mahali kwa mahali, shamba kwa shamba. Kusema tu "Mwadingusha iko na sumu" ni kutuua wote, hata mwenye shamba safi. Na kama shamba moja limeonekana baya, mwenyewe asiachwe hivi hivi. Asaidiwe kupata chokaa, maana udongo wenye asidi unaachilia kobalti zaidi kwa mmea, ao apewe mahali pengine pa kulima.

Tatu, tusingojee Ubelgiji siku zote. Sheria ya migodi ya mwaka 2018 inasema 15% ya redevansi ya madini iende kwa chefferie, sekta ao komine ambamo mgodi uko, na kila kompani inayochimba itoe angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Barabara na shule ni vizuri. Lakini sehemu ndogo ya fedha hizo ingetosha kupima mayi, samaki na mboga kila mwaka, katika labo ya hapa Katanga. Kobalti inachimbwa hapa. Kupima madhara yake kulipwe nayo pia.

Wakati tunangoja, tuosheni mboga kwa mayi safi ya pompi, tumwagie uwanja mayi mbele ya kufagia, tunawishe watoto mikono mbele ya bukari, na tutoe matumbo na mashavu ya samaki. Samaki tusiache: watoto wanaihitaji.

Ushirika wenye majibu mkononi unaweza kumwambia mteja: shamba hili limepimwa, hili tumeliacha. Tunawaomba mlete jambo hili katika mkutano mkuu ujao, lipigiwe kura, na barua iandikwe kwa chefferie, kwa zone ya afya na kwa chuo kikuu. Tukinyamaza, wengine watasema mahali petu.