Kelele za Viwanda na Maarifa ya Kemia

Muhula uliopita tulikuwa na mjadala hapa shuleni, na hoja ilikuwa kwamba Afrika ya Mashariki isiuze tena madini ghafi ng'ambo. Msemaji wa kwanza alitaja Kwale, pwani ya Kenya, ambako mchanga wenye titaniamu ulichimbwa tangu 2013 hata Desemba 2024, ukapakiwa melini kama mchanga tu. "Tungejenga kiwanda!" alisema, nasi tukapiga makofi mengi. Tulipokuwa twarudi bwenini rafiki yangu akaniuliza, "Kiwanda hicho kingefanya nini hasa?" Nilinyamaza. Niliona haya, nikaenda maktaba.

Haya ndiyo niliyoyapata. Katika mchanga ule titaniamu imeshikana na oksijeni. Chuma hutolewa katika mawe yake kwa makaa na moto, lakini titaniamu haikubali hivyo, maana hushikana na makaa yenyewe ikaharibika. Kwa hiyo madini hutiwa katika tanuri pamoja na makaa, na katika joto la kama digrii 1,000 hupulizwa gesi ya klorini. Hutoka mvuke, nao ukipozwa huwa kioevu kisicho na rangi: kloridi ya titaniamu. Kioevu hiki huchemka kwa digrii 136. Basi husafishwa kwa kuchemshwa na kukusanya mvuke wake, kama wapikavyo waragi, ingawa hiki hakionjwi!

Tabia yake ni kali. Kikikutana na unyevu wa hewa tu, hufuka moshi mweupe mzito wenye asidi ya kuunguza macho na kifua. Wanajeshi wamepata kuutumia moshi huo kujificha.

Hata hivyo faida yake ni kubwa. Kikiunguzwa pamoja na oksijeni hutoa unga mweupe wa rangi za nyumba na karatasi, na klorini hurudi tanurini kufanya kazi tena. Kikikutanishwa na magnesi iliyoyeyuka, mahali pasipo hewa, hutoa titaniamu yenyewe, ya kuundia ndege na mifupa ya bandia. Njia hiyo aliibuni William Kroll wa Luxembourg katika miaka ya 1930.

Sasa maoni yangu. Sisemi tuendelee kuuza mchanga, la. Nasema kiwanda cha namna hii si kuta na bomba tu. Chataka watu wajuao kwa nini bomba lazima liwe kavu kabisa, na wawezao kuichunga klorini mchana na usiku isiwadhuru majirani. Mchezea tope humrukia. Na mchezea kloridi hii je?

Lakini wengi wetu twaikimbia Kemia, twasema ni somo la kukariri. Mimi mwenyewe nilitaka kuiacha mara mbili. Jioni twadai viwanda, na asubuhi twakwepa maabara. Mambo haya mawili hayapatani.

Ndugu zangu wanafunzi, tusipige makofi kabla ya kuuliza swali la rafiki yangu. Nanyi mliotutangulia, mnaofanya kazi viwandani na maabarani, njoni siku moja mtueleze. Tutawasikiliza kuliko msemaji yeyote wa mjadala.