Kichwa Kubana si Presha

Nenda Bariadi, nenda Itilima au Maswa, utamsikia mgonjwa akisema: "Daktari, kichwa kinanibana, nahisi kina presha." Maana yake kichwa kimembana kama kilichofungwa kamba. Hakusema kwamba damu yake imepanda. Lakini kalamu ya tabibu haingoji. Inaandika "presha", na mama wa watu anarudi kijijini na ugonjwa wa maisha ambao hakupimwa.

Uandishi wa namna hii naupinga. Shinikizo la damu hujulikana kwa kipimo, tena kwa zaidi ya siku moja: 140 kwa 90 au kuzidi. Wengi walio nalo hawaumwi kichwa hata kidogo!

Shangazi yangu, mkulima wa pamba, alikwenda zahanati moja mara tatu na lalamiko lile lile. Nimeisoma kadi yake: malaria, presha, malaria tena. Kipimo hakikuandikwa popote. Wala hakuna aliyemwuliza ameza vidonge vingapi vya maumivu, naye alikuwa akivimeza kila siku. Vidonge hivyo vikimezwa nusu ya mwezi au zaidi, mwezi baada ya mwezi, vyenyewe huleta maumivu ya kichwa.

Wapo watakaonijibu kwamba foleni ni ndefu, na kwamba kitabu cha MTUHA kinadai jina la ugonjwa. Foleni naikubali. Hilo la pili nalikataa. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 10, ina sura nzima ya dalili ambazo chanzo chake hakijajulikana. Kuumwa kichwa kuna namba yake, R51. Maumivu ya kichwa ya mkazo ni G44.2, shinikizo la damu ni I10. Toleo la 11, lililoanza kutumika mwaka 2022, nalo halikuifuta sura hiyo. Asiyejua amewekewa mahali pa kuandika kwamba bado hajajua.

Basi na aandike maneno ya mgonjwa: tangu lini, kinabana au kinagonga, ana homa, anaona vizuri? Na kipimo cha presha, pamoja na tarehe yake. Maana yupo anayeumwa ghafla kupita kiasi, au mwenye shingo ngumu, au aliyelegea mkono mmoja. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Akija kesho kuonwa na tabibu mwingine, kadi iliyoandikwa "presha" tupu itamtofautishaje na wenzake wote?