MAFUA NA SIKU ZA KUUMWA



Mtu akija kazini anatetemeka kwa homa ya mafua huambiwa: "Uliugua mwaka jana, tena mwaka huu?" Sisi twajibu, naam, na sababu iko. Kirusi cha homa hiyo kila kinapojizidisha hukosea kidogo kujinakili, na makosa hayo hubadili vazi lake la nje. Mwili ulitambua vazi la mwaka jana. La mwaka huu ni geni kwake. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hukutanisha wataalamu mara mbili kila mwaka, Februari na Septemba, kuchagua aina za kutiwa katika chanjo.

Na hakina miguu. Husafiri na watu, yaani husafiri na kazi yetu. Septemba 1918 homa hii iliingia Mombasa kwa meli zilizotoka India, ikapanda bara kwa reli, stesheni kwa stesheni. Yakisiwa watu wapatao 150,000 walikufa katika Kenya. Aina nyingine ilitoka China 1957, nyingine ikatokea Hong Kong 1968. Hiyo ya 1968 ingali nasi, na sura zake mpya mara nyingi hutoka Asia ya Mashariki na Kusini-Mashariki. Ndege huzileta upesi. Kutoka uwanjani mpaka kijijini ni matatu, basi na behewa.

Mgonjwa huweza kuambukiza tangu siku moja kabla hajajisikia vibaya, na kwa siku tano hivi baadaye. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa aliyetimiza miezi miwili kazini siku 7 za kuumwa kwa mshahara kamili, na 7 kwa nusu, akiwa na cheti cha daktari. Vyema. Lakini kibarua wa siku je? Akilala nyumbani, watoto hawali. Basi huja, hupakia mizigo pamoja nasi, hukohoa. Wako wanaomlaumu, sisi hatumlaumu hata kidogo. Kifungu cha 37 chasema aliyefanya kazi mfululizo mwezi mmoja hahesabiwi tena kibarua wa siku. Vibarua wengi hawajui. Wako matajiri wanaojua, wakanyamaza.

Twataka chama, katika mapatano yajayo, kidai siku za kuumwa kwa vibarua tangu siku ya kwanza, na chanjo kwa gharama ya tajiri. Kwa sasa, kila genge liandike siku alizofanya kazi kibarua wake, daftari lipelekwe kwa mwakilishi wa chama.